Kifuko cha Mawe Meupe

Shona Rusk aliivua pete, akaiweka juu ya meza ya Sajenti Merle Jelbart, kisha akaifunika tena kwa kiganja.

"Nikikuachia, Jarrod ataona kidole kitupu."

"Mwambie umeipeleka kusafishwa."

"Sijazoea kumdanganya."

"Umeanza Jumatatu," Merle alimwambia. "Leo Alhamisi. Utazoea."

Maneno yalimchoma, na Merle aliona, lakini hakuomba radhi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifukuzana na wezi wa dhahabu hapa Kalgoorlie, mji wa migodi wa Australia, na alikwishajifunza kwamba mlalamikaji naye huchunguzwa. Alisubiri mpaka kiganja kilipoinuka.

Marehemu Kelvin Rusk, baba yake Shona, alikuwa mtu wa kuzunguka porini na kifaa cha kunusia madini, na kwa miaka mingi aliambulia vizibo vya bia. Siku moja akapata donge la dhahabu la nusu aunsi. Hakuliuza hata alipougua. Aliliacha na agizo moja, kwamba liwe pete ya Shona. Februari iliyopita Jarrod Voss, mchumba wa Shona, alilipeleka donge hilo kwa Gordon Maddern, sonara wa Mtaa wa Hannan, na baada ya wiki tatu pete ikarudi, pana na ya manjano iliyokolea. Jumatatu ya wiki hii binamu mmoja aliyeko Perth akamtumia Shona picha kutoka kwenye tangazo la muuzaji wa vitu adimu, na siku hiyohiyo Shona akawapigia polisi simu. Lilikuwa donge la Kelvin, zima, lenye tundu pembeni na jiwe jeupe limeng'ang'ania tumboni. Bei yake ilikaribia mara mbili ya dhahabu iliyomo, kwa sababu kuna watu wanaopenda dhahabu ikiwa vilevile ilivyotoka ardhini.

Kwa hiyo donge halikuyeyushwa. Pete hii ilitoka kwingine.

"Nimeongea na yule wa Perth," Merle alisema. "Alilinunua kwenye maonyesho ya madini, Jumamosi ya baada ya Pasaka. Muuzaji alivaa kofia na miwani ya jua, akalipwa taslimu, akaacha nakala ya leseni ya udereva."

Akamsogezea karatasi. Uso wa Jarrod Voss ulikuwa unawatazama wote wawili, umepauka kidogo kama nyuso zote za kwenye leseni. Pembeni mwa karatasi palikuwa na alama hafifu ya penseli, herufi L na nusu, ambayo Merle aliidhania ya rafu za dukani. Yule wa Perth alikana, akasema karatasi ilimfikia nayo.

Shona aliitazama bila kuigusa. "Jumamosi hiyo aliniambia yuko zamu."

"Nimeuliza mgodini. Alikuwa na mapumziko."

Shona alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na bado alivaa sare yake ya kazi, mikono imekauka kwa kunawa.

"Tunafunga ndoa Jumamosi saa nne," alisema. "Kama ni yeye, siendi. Nataka nijue kabla. Na kama si yeye, asijue kamwe kwamba ni mimi niliyekuja hapa."

Merle hakuahidi. Alichukua kifaa cha kupimia madini, kile chenye umbo la bunduki, akakielekeza kwenye pete. Namba zikatokea kwenye kioo: dhahabu asilimia tisini na moja na ushei, fedha tatu, shaba tano.

"Ulimwagiza Maddern achanganye nini?"

"Asichanganye chochote. Alinishikilia saa nzima anataka nichukue platinamu. Nikasema nataka ya baba kama ilivyo, hata ikipinda."

"Donge la porini lina fedha ndani yake," Merle alisema. "Shaba huwezi kuikuta ya kiasi hiki. Hii tano imetiwa na mtu." Akaifunga pete kwenye bahasha. "Una kitu kingine chochote kilichotoka kwa Maddern?"

Shona alitoa kwenye mkoba kifuko kidogo cha mahameli nyekundu. "Mawe yaliyokuwa ndani ya donge. Kila bi harusi anayempelekea dhahabu yake hurudishiwa mawe yake. Nilitaka kuyafukia kaburini kwa baba."

Yalikuwa matatu, meupe, safi, yenye kingo kali. Merle aliyageuza kwa ncha ya kalamu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akayarudisha kifukoni na kuandika risiti.

*

Karakana ya malori ya mgodini ilinuka grisi na chai iliyochacha. Jarrod Voss alitambaa kutoka chini ya lori lenye matairi marefu kuliko yeye, akajipangusa mikono, akaona beji ya Merle. Wenzake nao waliiona.

"Voss, umeshakamatwa na hata hujaoa?"

"Mwacheni aoe, Sajenti, kifungo atakitumikia hukohuko."

Jarrod hakucheka. Merle aliliweka hilo akilini. Walikwenda kusimama nje, upande wa jua, maana asubuhi za Juni ni za baridi hata huku.

"Donge la mzee Rusk ulilifanya nini?"

"Nililipeleka kwa Maddern. Kwani kuna nini?"

"Likiwa zima?"

"Zima. Nililifunga kwenye soksi, nikaliweka mfukoni, mkono juu yake njia nzima. Likipotea Shona angeniua."

"Nani alikuwepo ulipomkabidhi?"

"Mimi na yeye tu. Shona alikwenda siku ya pili kupimwa kidole na kuchagua."

"Jumamosi ya baada ya Pasaka ulikuwa wapi?"

Macho ya kijana yalikwenda kwenye lori, yakarudi. "Zamu."

"Jarrod, orodha ya zamu ninayo."

Masikio yake yalibadilika rangi. Merle alikuwa ameona wezi wengi wakibadilika rangi hivyohivyo, na waume wengi pia.

"Nilikuwa porini," alisema. "Kwenye eneo la mzee Rusk, kule njia ya Ora Banda. Nilikwenda wikendi tatu. Nilitaka na ya kwangu itoke palepale. Yake imetoka kwenye ardhi ya baba yake, mimi nivae ya dukani? Nikasema nikipata hata kidogo, nitamshtukiza."

"Ulipata?"

"Njoo uone nilichopata."

Kwenye gari lake, nyuma ya kiti, palikuwa na chupa kubwa ya kioo. Ilijaa misumari, risasi kuukuu, kijiko na vizibo vya bia, vingi kati yake vimepakwa rangi ya buluu. Merle aliitikisa, ikalia kwa kelele mbaya.

"Hii unaweza kuijaza nyuma ya nyumba yako mchana mmoja."

"Najua."

"Nani alikuona huko?"

"Kangaruu."

"Kangaruu hawaji mahakamani." Akamwonyesha nakala ya leseni, akaziba pembeni penye penseli kwa kidole. "Leseni yako imepita mikononi mwa nani mwaka huu?"

Jarrod aliikunjia uso. "Maddern. Alisema sheria inamtaka awe na nakala ya kila anayeleta dhahabu. Na wale wa kukodisha trela. Basi." Kisha akauliza swali ambalo Merle alikuwa analisubiri tangu mwanzo. "Sajenti, nani amenisema?"

"Mimi ndiye ninayeuliza leo."

Hakuwa na chochote cha kumwondolea kijana huyu lawama. Jarrod alikuwa na nafasi, alikuwa na uongo, na leseni yenye jina lake ilionekana Perth. Merle alimkataza kutoka mjini, akaondoka akiwa bado anamshuku. Lakini mawe yale matatu yalikuwa mfukoni mwake, na hayakukubaliana na kitu chochote.

*

Mlangoni pa duka la Maddern palikuwa na chungu cha maua chenye mtende mdogo, udongo wake umefunikwa kwa mawe meupe ili usikauke. Merle aliinama, akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa, akaingia.

Gordon Maddern alikuwa na miaka sitini na kitu, fundi msafi, fulana ya ndani imechungulia kidogo shingoni na mikono myepesi kama ya daktari. Aliwavisha pete nusu ya wanandoa wa mji huu. Aliwavisha hata Merle na mumewe, na pete ile ilidumu kuliko ndoa.

"Merle. Usiniambie unaolewa tena."

"Nani atanichukua? Nimekuja kujifunza. Mpwa wangu anataka kuchumbia, hajui achukue nini."

Uongo huo ulimfurahisha sonara. Alitandaza kitambaa cheusi, akapanga pete nne.

"Kazi yake?"

"Fundi wa mitambo."

"Basi asichukue dhahabu tupu, itapinda kwenye spana ya kwanza. Hii ni dhahabu nyeupe, inang'aa sana, lakini huo mng'ao ni rangi ya juu tu, ni madini yaitwayo rodi. Baada ya mwaka mmoja au miwili manjano inaanza kuchungulia na utarudi kwangu niipake tena. Hii ni paladi, nyepesi, haina makuu. Na hii," akamwekea kiganjani, "sikia uzito wake."

"Platinamu."

"Ikikwaruzwa haipungui, inasogea tu. Hiyo ndiyo ya kuzeeka nayo. Nawaambia wote. Yule binti wa Kelvin Rusk nilimwambia, wewe unanawa mikono kutwa, niachie donge la baba yako nikukatie bei, uchukue platinamu. Akakataa katakata."

"Nimesikia. Ukakubali?"

"Ningefanyaje? Mteja ni mteja. Nililitia kwenye chungu cha kuyeyushia kwa mikono hii, Jumanne asubuhi. Lilikuwa zuri, Merle. Lina tundu hapa, na jiwe tumboni. Roho iliniuma kulitazama likilegea."

"Hukuongeza kitu?"

"Hata punje."

"Kidole chake ulikipima mwenyewe?"

"Sina kijana wa kazi, napima mimi. Ana kidole chembamba, L na nusu. Vidole sivisahau."

Kwenye ukuta nyuma yake vilining'inia vipimo vya vidole, pete tupu za bati zilizopangwa kuanzia A hadi Z. Merle alivifuata kwa macho mpaka L. Saa saba ilitimia, mgodi ukalipua, na makabati ya vioo yakatetemeka. Wote wawili walisubiri yatulie, kama ilivyo desturi.

Kisha Merle akaweka bahasha mezani.

"Pete ya Shona ina shaba asilimia tano."

Maddern aliichukua, akaiweka chini ya lenzi, akachukua muda wake. "Haiwezekani."

"Nimepima mara tatu."

"Basi sikuelewi."

Merle akaweka picha ya donge. "Na hili linauzwa Perth. Zima."

Sonara alivua miwani. Aliketi, na alipoongea sauti yake ilikuwa ya huzuni, huzuni nzuri kabisa. "Sikutaka kusema. Yule kijana alinishangaza. Alilileta haraka haraka, hataki niliangalie sana. Macho yangu nayo si ya zamani. Lazima lilikuwa la kughushi, Merle. Ametengeneza kalibu kwa donge la kweli, akamimina dhahabu ya karati ishirini na mbili yenye shaba, la kweli akaliuza. Masikini Shona. Na harusi ni keshokutwa."

Maelezo yalikaa vizuri. Yalijibu shaba, yalijibu Perth, yalijibu hata leseni ambayo Merle hakuwa ameitaja. Mtu anayetaka kumfunga Jarrod Voss angeweza kuishia hapo na kwenda kula.

Merle akamimina mawe matatu juu ya kitambaa cheusi.

"Na haya yalitoka wapi?"

"Ndani ya donge."

"La kughushi."

Maddern alivaa tena miwani yake. "Labda aliyapachika, lifanane."

"Basi yalipita kwenye moto wako."

"Ndiyo, yalipita."

"Nipe lile bati la takataka chini ya meza yako."

Hakumpa, kwa hiyo Merle alilichukua mwenyewe. Alichokonoa humo akapata anachokitafuta, jiwe lililopita motoni pamoja na dhahabu ya mtu fulani. Lilikuwa la kijivu, limepasukapasuka, na limevaa ngozi ya kioo kutokana na dawa ya kuyeyushia. Aliliweka kando ya mawe ya Shona, yaliyokuwa safi kama sukari. Kisha akatoa mfukoni jiwe la nne, alilookota mlangoni alipokuwa anafunga kiatu, akaliweka upande wa pili. Hilo halikutofautiana na yale matatu.

"Sawa," Maddern alisema, na akatabasamu kwa shida. "Sawa. Umenikamata. Mawe ya kweli hutoka mabaya, Merle. Bi harusi hataki kuona makaa. Ninawapa mazuri, ni zawadi tu, haimdhuru mtu. Hilo ndilo kosa langu."

"Hiyo ningeiamini."

"Iamini basi."

"Vuta droo yako ya kushoto."

"Una hati ya upekuzi?"

"Inaletwa. Naweza kuingoja, nina sandwichi garini." Akakunjua nakala ya leseni na safari hii hakuziba kitu kwa kidole. "Wakati tunaingoja, nisaidie hii. Mtu aliyeuza donge aliiacha Perth. Pembeni kuna penseli. Unasomaje?"

Maddern hakuhitaji lenzi.

"Kwenye leseni ya Jarrod," Merle aliendelea, "aliyoikabidhi hapa siku aliyokuja bila Shona, pameandikwa kipimo cha kidole cha mchumba wake, kilichopimwa siku ya pili yake. Wakodisha trela hawapimi vidole, Gordon. Na Jarrod angepata wapi nakala inayokaa kwenye faili lako?"

Nje, lori la mkate lilisimama na kuondoka. Sonara alizikusanya pete zake nne moja moja, akazirudisha kwenye visanduku, ya platinamu mwisho. Halafu akavuta droo mwenyewe, hati ikiwa bado njiani. Ilijaa vifuko vya mahameli nyekundu, vimepangwa safu safu, kila kimoja kimekwisha kufungwa na mawe yake ndani.

"Umewafanyia wangapi?" Merle aliuliza.

"Wanaleta vitu vizuri mno kuyeyushwa," Maddern alisema. "Mimi niliviokoa."

Merle alishikwa na hasira, hasira ya waziwazi iliyomfanya ashindwe kufungua pingu mara ya kwanza.

*

Jioni ile alikwenda nyumbani kwa Shona, upande wa Boulder. Angeweza kupiga simu. Jarrod alikuwa amekwisha kufika, ameegemea friji na nguo za kazi, chupa yake ya takataka kwapani kama mtu aliyekuja na kithibitisho chake pekee.

Merle aliwaeleza kwa ufupi. Donge lingerudishwa baada ya kesi, pete ingebaki kama ushahidi, na Jarrod hakuwa na hatia. Shona alijishika mdomo.

"Asante," Jarrod alisema. "Sasa niambie nani aliyenisema."

Merle alikuwa na jibu la kipolisi, amelitumia mara mia. Alifungua mdomo kulitoa.

"Ni mimi," Shona alisema.

Jarrod alijiondoa kwenye friji.

"Lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ulinipikia kondoo wa kuoka. Ukaniuliza kama nataka kuongezewa."

"Nilikuuliza."

"Huku unajua."

"Huku sijui. Hicho ndicho kilichonitesa. Uliniambia uko zamu, Jarrod."

Jarrod aliiweka chupa mezani, kwa nguvu kidogo. "Nilikuwa na hii."

Shona aliisogeza karibu. Aliigeuza upande, vizibo vikaporomoka ndani, na ghafla akaacha. Alifungua kifuniko, akatoa kizibo kimoja cha buluu, kisha cha pili, kisha akamwaga vyote mezani.

"Umevitoa wapi hivi?"

"Nimekwambia. Kwenye eneo la mzee. Kila nikichimba panapolia, nakuta hicho."

"Baba ndiye aliyevipaka," alisema Shona. "Kwa rangi iliyobaki ya baiskeli yangu. Alikuwa akitupa kimoja kwenye kila shimo alilolimaliza, asije akalichimba mara mbili. Hakuna mtu aliyejua ila sisi nyumbani."

Merle alivitazama vizibo. Asubuhi alikuwa ameitikisa chupa hiyo mkononi mwake mwenyewe, akaona rangi, na hakuuliza. Mtu mmoja tu duniani angeweza kumtetea Jarrod tangu Jumatatu, na hakuna aliyemwonyesha chupa.

"Ndiyo maana sikupata kitu," Jarrod alisema. "Wikendi tatu nachimba mashimo ya baba mkwe."

Shona alikuwa analia bila kujificha. "Jumamosi utakuja?"

Jarrod alikusanya vizibo vya buluu kwenye rundo moja, misumari kwenye jingine.

"Nitakuja. Lakini donge likirudi usiliyeyushe, hata kwa ajili ya pete. Liweke mahali unapoliona. Siku ukinishuku tena, liangalie kwanza kabla hujapiga simu."

Shona akasema ataliangalia. Jarrod akavuta kiti, akaketi, akauliza kama ile nyama ya Jumatatu ilibaki.